Kikohozi cha kiangazi Lubumbashi: namna ya kukizuia kisienee nyumbani na kwenye avenyu

Mvua za mwisho zinapokatika mwezi wa nne, Lubumbashi huingia katika kiangazi kirefu kinachoendelea mpaka karibu na mwezi wa kumi, na ndani yake kuna kipindi cha baridi ambacho hukolea hasa mwezi wa sita na wa saba. Mji huu uko kwenye nyanda za juu, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa anga ya wakati huo haina mawingu, joto la mchana hupotea upesi jua likishazama, hata alfajiri kipimo kikashuka chini ya nyuzi 10. Huo ndio wakati ambapo ni vigumu kupita parsele (viwanja vya nyumba) mbili tatu bila kusikia mtu akikohoa. Wengine wana mafua ya kawaida, wengine homa ya mafua yenye kuvunja viungo, wengine Uviko-19, na watoto wachanga hupata maradhi ya kifua yanayoanza kama makamasi tu na kuishia kwenye nimonia.

Wengi wetu husema kwamba baridi ndiyo inayotuumiza. Kauli hiyo ina ukweli kiasi, kwa maana hewa baridi na kavu hukausha utando wa pua unaotukinga na huwawezesha virusi vya aina kadhaa kudumu muda mrefu zaidi nje ya mwili. Lakini baridi peke yake haizai kirusi. Mtu anayelala peke yake kilimani, hata akitetemeka usiku kucha, hawezi kuambukizwa na upepo. Kinachotuumiza hasa ni yale tunayoyafanya ili kuikimbia baridi: tunafunga madirisha, tunaziba nyufa kwa matambara na mifuko ya plastiki, tunaingiza mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ndani, tunalala watano au sita katika chumba kimoja, na pumzi ya mmoja inakuwa pumzi ya wote mpaka asubuhi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye hewa ya chumba, na mambo mengine, hata kunawa mikono, yatafuata baadaye.

Ni vizuri kwanza kuelewa jinsi magonjwa haya yanavyosafiri, kwa sababu anayeelewa njia hahitaji kukariri orodha ya makatazo. Mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya, anapozungumza au kuimba, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Yale makubwa huanguka karibu naye, katika umbali wa mita moja au mbili, juu ya nguo, meza na mikono ya walio jirani. Yale madogo sana hubaki yakielea hewani, na katika chumba kilichofungwa huweza kukaa kwa dakika nyingi, hata saa kadhaa, yakiongezeka kadiri mgonjwa anavyoendelea kupumua. Njia ya tatu ni mikono, iliyogusa pua ya mgonjwa, ikagusa kikombe au kitasa cha mlango, kisha ikafika kwenye jicho au mdomo wa mtu mwingine. Jambo linalotatiza zaidi ni kwamba mwenye homa ya mafua huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba baada ya dalili kuanza, na watoto huchukua muda mrefu zaidi. Kusubiri mtu aanze kukohoa ndipo tufungue dirisha ni kuchelewa.

Chumba cha kulala

Asubuhi, mara watu wanapoamka, fungua mlango na dirisha kwa pamoja ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uviache wazi walau nusu saa, hata kama kuna ubaridi. Dirisha moja peke yake hubadilisha hewa polepole, ilhali matundu mawili yanayotazamana hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Usiku, acha nafasi ya upana wa kiganja juu ya dirisha au juu ya mlango. Nasema juu kwa sababu hewa ya joto iliyokwisha kupumuliwa hupanda, na kwa sababu upepo unaoingilia juu hauwapigi moja kwa moja waliolala. Katika nyumba nyingi za komuni za Katuba, Kenya na Kamalondo hapa mjini, mafundi wa zamani walitengeneza matofali yenye matundu chini ya dari, na ni hayo hasa ambayo wapangaji huyaziba kwa magazeti mwezi wa tano ukifika. Yazibueni. Kama mbu ndio wanaoogopwa, wavu mwembamba uliopigiliwa misumari juu ya matundu hayo utawazuia wao bila kuizuia hewa.

Atakayesema kwamba watoto wataganda ana haki ya kujibiwa. Joto lihifadhiwe kwenye mwili wa mtu, lisitafutwe kwenye hewa ya chumba. Soksi, kofia ya sufi, sweta lililovaliwa juu ya fulana nyembamba, na blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, humpa mtoto joto la kumtosha hata kama hewa inapita juu yake. Anayelala chini aweke mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa au magunia chini ya godoro, maana saruji hunyonya joto la mwili kuliko hewa inavyofanya. Kwa wazee, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ikawekwa miguuni, husaidia sana na haigharimu chochote.

Mbabula ndani ya chumba ni hatari ya namna yake, na lazima niiseme wazi hata kama si ugonjwa wa kuambukiza. Umeme unapokatika jioni ya baridi, watu huwasha makala uani, huyasubiri yawe mekundu bila moshi, kisha huyaingiza chumbani wakiamini kwamba kwa kuwa moshi umekwisha, hatari nayo imekwisha. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana wala kunusika, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Aliyelala hapati onyo, kwa sababu gesi yenyewe humtia usingizi zaidi. Familia nzima huweza kufa katika usiku mmoja. Mbabula ibaki nje au kwenye baraza lililo wazi, watu waote moto huko kabla ya kulala, halafu waingie ndani bila hiyo. Mkimkuta mtu chumbani penye mbabula akiwa na maumivu makali ya kichwa, kichefuchefu au kuzirai, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha mpelekeni hospitali bila kungoja aamke. Na hata moshi wa kawaida usiomuua mtu papo hapo hudhoofisha mapafu ya mtoto, ambaye baadaye hushikwa na nimonia kwa wepesi kuliko mwenzake anayelala penye hewa safi.

Ikiwa mtu mmoja katika nyumba anaumwa na kuna chumba cha pili, alale peke yake. Najua kwamba nyumba nyingi za kupanga zina chumba kimoja au viwili, na shauri la kumtenga mgonjwa linasikika kama dhihaka kwa familia ya watu saba. Basi fanyeni kile kinachowezekana. Mgonjwa alale upande wa dirisha au karibu na mlango, ili hewa inayotoka kwake itoke nje badala ya kuwapitia wengine. Wanaolala kitanda kimoja walale kichwa kwa miguu, kila mmoja akiwa na blanketi lake. Mtoto mchanga na mzee wapewe mahali pa mbali zaidi na mgonjwa. Mchana, kama ana nguvu, mgonjwa akae uani kwenye jua, jambo ambalo kiangazi cha Lubumbashi hulitoa bure karibu kila siku.

Vumbi

Vumbi halina kirusi cha mafua ndani yake, lakini hukwangua koo na njia za hewa, husababisha watu wakohoe zaidi, na kila anayekohoa zaidi husambaza zaidi. Avenyu zetu nyingi hazina lami, na malori yakipita mwezi wa nane na wa tisa, upepo unapoanza, kila kitu hugeuka rangi ya udongo. Hatuwezi kutia lami barabara kwa mikono yetu. Tunaweza kunyunyizia maji kabla ya kufagia parsele, tukitumia maji yaliyosuuziwa nguo, na tunaweza kufagia mapema wakati umande haujakauka, watoto wakiwa bado ndani au wakiwa wamekwenda shuleni. Ndani ya nyumba, kitambaa chenye maji kipite sakafuni badala ya ufagio mkavu. Mbele ya duka au ya kibanda cha mikate, ndoo moja ya maji asubuhi na nyingine mchana hubadilisha hali ya wapita njia wote.

Taka zisichomwe ndani ya parsele. Majani makavu yaliyochanganyika na plastiki hutoa moshi unaokaa chini, kwa sababu hewa baridi ya jioni haiuachi moshi upande juu, na majirani wote huupumua mpaka asubuhi. Hili hugombanisha watu, na mara nyingi anayelalamika huonekana mwenye majivuno, kwa hiyo ni vyema lisemwe na shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) katika kikao kuliko kusemwa na jirani juu ya ukuta.

Mikono, sahani na vikombe

Hapa nitakuwa mfupi katika yale ambayo kila mtu ameyasikia tangu mwaka 2020. Kunawa kwa sabuni kuchukue sekunde 20, kugusa kila upande wa mkono na katikati ya vidole, na mikono ikauke yenyewe au kwa kitambaa cha mtu binafsi. Kukohoa kufanyike ndani ya kiwiko cha mkono au ndani ya leso, si ndani ya kiganja, maana kiganja hicho ndicho kitakachompa mkono jirani dakika inayofuata.

Yanayohitaji maelezo zaidi ni yale ya mezani. Bukari (ugali) huliwa kwa mkono na mara nyingi kutoka sahani moja, na sioni sababu ya kuiacha desturi hiyo. Maji ya kunawa yamiminwe kutoka kwenye jagi juu ya mikono ya kila mmoja, yasiwe ya beseni moja ambalo watu wote huchovya mikono, kwa sababu wa mwisho hunawa uchafu wa waliotangulia. Anayeumwa apakuliwe sahani yake, naye asione amedharauliwa. Mama wa nyumba akimpakulia wa kwanza na kumpa kipande kizuri cha samaki, hakuna atakayenung'unika. Kikombe cha kupokezana ni kibaya zaidi kuliko sahani, kwa sababu mate hubaki kwenye ukingo. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, unaponyweka katika kundi, kila mtu awe na kopo lake, au mwenye kumimina atumie kata moja isiyogusa mdomo wa mtu yeyote.

Tatizo kubwa la kunawa katika kartiye zetu ni maji yenyewe, ambayo bomba huyaleta kwa siku fulani na kuyanyima siku nyingine. Suluhisho rahisi ni kifaa cha kunawia kinachotumia maji kidogo sana, nacho hutengenezwa kwa bidoni (dumu) ya lita 5, fimbo nne na kamba. Chagua fimbo mbili zenye panda, urefu wa mita 2, uzichimbie chini nusu mita, zikiwa zimeachana sentimita 70. Pasha msumari moto na utoboe tundu moja dogo kwenye bidoni, sentimita 12 hivi chini ya mdomo wake. Pitisha fimbo ya tatu ndani ya mkono wa bidoni na uilaze juu ya zile panda. Toboa kifuniko katikati, pitisha kamba yenye fundo upande wa ndani, kisha ifunge ncha yake ya chini kwenye fimbo ya nne, inayolala ardhini mbele ya mnawaji. Mtu akiikanyaga fimbo hiyo kwa mguu, bidoni huinama na maji hutoka kwa mchirizi mwembamba. Akiondoa mguu, inarudi wima. Sabuni itobolewe katikati na itundikwe kwa kamba kando yake. Chini weka kokoto ili pasigeuke dimbwi la mbu. Ubora wa kifaa hiki ni kwamba hakuna anayegusa chochote isipokuwa sabuni, na bidoni moja huwatosha watu wengi kuliko ndoo yenye kikombe. Pasipo sabuni, majivu safi ya kuni hufaa kwa dharura.

Watoto wachanga, wazee, na chanjo

Mwishoni mwa mwaka 2024, zone ya afya ya Panzi, mkoani Kwango, ambayo ni mbali sana na ile Panzi ya Bukavu yenye hospitali inayojulikana duniani, ilitikiswa na ugonjwa uliodhaniwa kuwa mpya. Magazeti ya nje yalianza kuupa majina ya kutisha. Hadi katikati ya mwezi wa kumi na mbili walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 891, na kati yao 48 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa watoto walio chini ya miaka mitano. Vipimo vilipotoka, vilionesha virusi vya kawaida vya msimu, vikiwemo vya homa ya mafua, vya mafua ya kawaida na vya Uviko-19, pamoja na malaria, na vyote viliwakuta watoto waliokuwa tayari wamedhoofishwa na utapiamlo. Nalitaja jambo hili kwa anayedhani kwamba mafua ni kitu cha kuchekwa. Kwa mtu mzima aliyeshiba ni wiki moja ya usumbufu. Kwa mtoto mwenye njaa na malaria ni suala la uhai.

Kinga ya kwanza ya mtoto ni maziwa ya mama, bila kitu kingine chochote kwa miezi sita ya mwanzo, na mama mwenye mafua asiache kunyonyesha. Anawe mikono, avae barakoa au ajifunge kitambaa safi puani na mdomoni anapomshika mtoto, kisha anyonyeshe kama kawaida. Kinga ya pili ni ratiba ya chanjo. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupewa chanjo zinazomkinga dhidi ya kifaduro, dondakoo na bakteria wakuu wanaoleta nimonia, na akifika miezi 9 hupewa ya surua. Surua pia ni ugonjwa unaosafiri hewani, na mlipuko ulioikumba nchi yetu kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 uliua zaidi ya watu 7,000, wengi wao watoto. Chanjo hizi hutolewa bure katika vituo vya afya. Chanjo ya homa ya mafua yenyewe haimo katika ratiba ya watoto nchini, na ndiyo maana hewa, mikono na umbali vinabeba mzigo mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa nchi zinazowachanja wazee wao kila mwaka.

Jambo gumu kuliko yote ni kuwazuia wageni. Mtoto akizaliwa, parsele hujaa watu, na kumwambia mtu mzima asimshike mtoto ni karibu sawa na kumtukana. Baba wa mtoto, au dada mkubwa wa nyumba, achukue kazi hiyo ili mzazi asiibebe peke yake, na aseme mapema, mgeni akiwa bado mlangoni. Kwa mfano: “Nkambo, karibu sana, tulikuwa tunakungoja. Mtoto bado mdogo mno na tunasikia una kikohozi. Keti hapa uani kwenye jua, mama atamleta umwone, kisha wiki ijayo ukipona utambeba siku nzima.” Mzee aliyepewa kiti, chai na ahadi hachukii. Na yeye mwenyewe yumo katika hatari, kwa kuwa wajukuu wanaorudi shuleni na makamasi humletea maradhi ambayo kifua chake hakiyawezi tena. Ni sharti wale wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, virusi vya ukimwi, na wajawazito, wahesabiwe pamoja na wazee katika jambo hili.

Kanisani, kwenye kilio, shuleni

Nyumba moja ikijilinda peke yake itaambukizwa na ya pili, kwa hiyo ni lazima avenyu nzima ikubaliane, na wakati mzuri wa kukubaliana ni mwezi wa tano, kabla ya baridi. Kikao kimoja cha saa moja kinatosha, kiitishwe na shefu wa avenyu pamoja na rele wa afya (mhudumu wa afya wa jamii) wa eneo hilo, na wawepo mchungaji au padri, mwalimu, mwenye duka la dawa, na mama mmoja anayesikilizwa na wenzake. Kikao kisihutubie watu. Kiandike majina: nani atatembelea wazee wanaoishi peke yao, nani ana gari au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa usiku, nani atatunza kifaa cha kunawia kilicho mbele ya kanisa, na ni kituo gani cha afya kilicho wazi saa ishirini na nne. Rele apewe kazi ya kusikiliza ni parsele ngapi zina wagonjwa wa kifua kila wiki, kwa sababu yeye ndiye mwenye njia ya kuifikisha habari hiyo kwenye zone ya afya kabla mambo hayajaharibika.

Kuimba kwa nguvu hutoa chembe nyingi zaidi kuliko kuongea, na mikesha ya maombi hufanywa mara nyingi katika majumba ya mabati yaliyofungwa kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya majirani wasiopenda kelele. Milango miwili iachwe wazi, kwaya iketi upande ambao upepo unatokea kwenda nje na si mbele ya uso wa waumini, na wenye kikohozi wakae karibu na mlango wakiwa wamevaa barakoa au, afadhali zaidi, wasali nyumbani usiku huo. Mchungaji akilisema hilo madhabahuni, aibu huondoka.

Kuhusu kilio, hakuna anayeweza kuwaambia watu wasifike. Desturi yetu ya kulala nje kuzunguka moto, ajabu kidogo, ni salama kuliko kujaza wanawake thelathini ndani ya sebule yenye dirisha moja. Bashi (turubai) likitundikwa, pande zake ziachwe zimekunjwa juu walau pande mbili. Kupeana mikono kunaweza kubadilishwa kwa kuweka mkono kifuani na kuinama, ishara ambayo haipunguzi heshima ya pole, na maji ya kunawa yawekwe pale watu wanapoingilia, si jikoni tu.

Shule ina ugumu wake, kwa maana baridi kali hukutana na mitihani ya mwisho wa mwaka, na wazazi waliolipa karo kwa taabu humtuma mtoto hata akiwa na homa. Mzazi azungumze na mkuu wa shule mapema ili mtoto mgonjwa aruhusiwe kufanya mtihani baadaye inapowezekana. Kama ni mtihani wa taifa usioahirishwa, aketi peke yake karibu na dirisha, akiwa na barakoa na kalamu yake mwenyewe. Siku za kawaida, mtoto arudi darasani baada ya kukaa saa 24 bila homa na bila kupewa parasetamoli. Mwalimu afungue madirisha ya pande zote kabla wanafunzi hawajaingia, na kila kipindi kikiisha watoto watoke nje kwa dakika tano. Katika darasa lenye wanafunzi 50 au zaidi, dakika hizo tano zina faida kuliko dawa yoyote ya kunyunyizia madawati. Ndani ya teksi na taksibisi, kufungua madirisha mawili yanayokabiliana kwa upana wa vidole viwili kunasaidia, na mwenye kikohozi ajifunike.

Dawa, na wakati wa kwenda hospitali

Mafua hayatibiwi kwa antibiotiki. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye vibanda haviui virusi, na vinapotumiwa ovyo huwafanya bakteria wazizoee dawa, mpaka siku ya nimonia ya kweli dawa hiyo inashindwa. Fedha hiyo inunue matunda, maharagwe na sabuni. Mgonjwa anywe maji na uji kwa wingi, apumzike, atumie parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na kijiko cha asali usiku hutuliza kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, lakini asipewe kamwe aliye chini ya umri huo. Kujifukiza chini ya blanketi juu ya sufuria inayochemka humpa mtu mzima nafuu ya muda. Kwa mtoto ni njia ya kuungua, na kirusi hakifi kwa mvuke.

Kila homa ipimwe malaria, hata katikati ya baridi. Kwa mtoto, mhesabie pumzi akiwa ametulia au amelala, kwa dakika nzima ukitazama saa huku nguo yake imepandishwa uone tumbo na kifua. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, 40 au zaidi. Anayefikia idadi hizo apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Asingoje hata asubuhi yule ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inaingia ndani kila akivuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au anayelegea bila kuamka vizuri. Mtu mzima aende upesi akikosa pumzi, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, midomo ikigeuka rangi, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kuwa imepoa siku mbili tatu, kwa sababu kurudi huko mara nyingi ni nimonia iliyofuata nyuma ya mafua.

Kuna pia kikohozi ambacho si cha msimu na hujificha nyuma ya msimu. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi, hasa akitoka jasho usiku, akikonda au akitema damu, asiendelee kusema ni vumbi. Akapime makohozi kwa ajili ya kifua kikuu katika kituo cha afya, ambako matibabu yake hutolewa bila malipo, na wanaolala naye chumba kimoja nao wachunguzwe, wakianzia na watoto.